Laki Tano Mfukoni, Resi Kichwani

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, wasomaji wamekuwa wakiuliza swali moja kwa namna nyingi. Mwalimu wa Mbagala, karani wa Posta, mwanafunzi wa chuo, mzee aliyeambiwa na daktari apunguze uzito, wote wanalo: "Nataka baiskeli ya resi, lakini mamilioni sina. Ninunue ipi? Na nikishaipata, naanzia wapi?"

Jibu fupi ni hili. Nunua resi ya mtumba, ya chuma au aluminiamu, inayokutosha mwili, iliyonyooka fremu, na ambayo tairi zake zinauzwa mahali unapoishi. Jina la kampuni, idadi ya gia na rangi havina haraka. Bei ya kweli ya baiskeli ni ile unayompa muuzaji, ukijumlisha na yote utakayompa fundi miezi 6 ya mwanzo. Wengi wanaolia kwamba resi ni ghali walinunua kwa bei ya chini, wakamalizwa na vipuri.

Mifano mingi hapa ni ya Dar es Salaam. Aliyeko Tanga, Mombasa au Unguja hatapata tabu kuigeuza iwe ya kwao.

Kwanza: una haja ya resi kweli?

Resi ina tairi nyembamba, usukani uliokunjwa chini, na mkao wa kuinama. Ni nyepesi na ina mbio kwenye lami. Nje ya lami inachosha.

Itakufaa ikiwa:

- sehemu kubwa ya njia yako ni lami;
- unataka kwenda kilomita 10 na zaidi kwa safari moja;
- hubebi mzigo wala mtoto.

Haitakufaa ikiwa:

- kutoka kwako hadi barabara kuu ni mchanga mtupu;
- unahitaji keria ya kubebea ndoo, gunia au bidhaa za dukani;
- mgongo au shingo tayari vinakusumbua.

Kwa kundi la pili, tafuta baiskeli ya milimani ya tairi za inchi 26, isiyo na springi mbele, kisha uivalishe tairi laini zisizo na meno. Utapata sehemu kubwa ya mbio za resi, na kila fundi wa mtaani ataielewa.

Gawa fedha kabla hujatoka nyumbani

Kosa kubwa la mgeni wa mchezo huu ni kumaliza fedha zote kwa muuzaji. Tuseme una shilingi laki 5. Zigawe hivi:

- Laki 3 hadi laki 3 na nusu: baiskeli yenyewe. Hapo ndipo mwisho wa kupatana bei.
- Kama laki 1: tairi, tyubu, nyaya, raba za breki na ufundi.
- Kinachobaki: helmeti, taa mbili, pampu ndogo, tyubu ya akiba na kufuli.

Ukiwa na zaidi au pungufu, shika uwiano huo huo. Muuzaji akikwambia baiskeli yake "haihitaji chochote," lipokee kama salamu. Mtumba uliosafiri kwenye kontena na kukaa juani umekauka tairi, na nyaya zake zimeshika kutu ndani ya mipira.

Jipime wewe kabla ya kupima baiskeli

Simama bila viatu, mgongo ukutani. Bana kitabu kigumu katikati ya mapaja, ukisukume juu mpaka kiguse mfupa. Mtu mwingine aweke alama ukutani usawa wa mgongo wa kitabu, kisha apime kutoka sakafuni. Hicho ndicho kipimo cha mguu wako wa ndani.

- Zidisha kwa 0.65 hadi 0.67, utapata ukubwa wa fremu kwa sentimita. Mwenye mguu wa sentimita 80 atafute fremu ya 52 hadi 54.
- Zidisha kwa 0.883, utapata urefu wa siti, kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya siti. Kwa mguu wa 80, ni kama sentimita 70.6.

Fremu hupimwa kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi mwisho wa bomba la siti. Nenda na futi yako, usitegemee stika.

Ukifika, ipande fremu miguu yote ikiwa chini. Kati ya bomba la juu na mwili wako pabaki nafasi ya sentimita 2 hadi 5. Bomba likikugusa, fremu ni kubwa. Hapo utaambiwa "tutashusha siti" au "utazoea." Kushusha siti hakufupishi bomba la juu. Utaendesha umejinyoosha mpaka viganja vife ganzi. Kati ya fremu kubwa kidogo na ndogo kidogo, chukua ndogo. Siti inaweza kupandishwa, fremu haipunguzwi.

Soma namba ya tairi

Hili lisome mara mbili. Ubavuni mwa tairi kuna namba iliyoandikwa kwa mtindo wa 28-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi inapokaa kwenye rimu. Hiyo ya pili ndiyo inayoamua kama utapata tairi au utazunguka mji mzima.

- 622: resi za kisasa, pia huandikwa 700C. Chagua hii.
- 630: resi za zamani, huandikwa inchi 27. Inazidi 622 kwa milimita 8 tu, lakini tairi haziingiliani hata kwa kulazimisha.
- 590: baiskeli za mjini za Kijapani, huandikwa 26 x 1 3/8.
- 559: baiskeli za milimani, huandikwa 26 x 1.95 na kadhalika. Nazo huitwa "26," ila haziingiliani na za 590.
- 635: baiskeli nyeusi za kazi kama Phoenix, huandikwa 28 x 1 1/2.

Kabla ya kulipa, piga picha namba hiyo, nenda kwenye maduka ya vipuri, Kariakoo au mji wako, uulize: "Tairi ya namba hii ipo? Na tyubu yake?" Maduka mawili yakisema hakuna, iache hiyo baiskeli hata ukiuziwa bei ya kutupa.

Tazama pia nafasi kati ya tairi na breki, na kati ya tairi na foki. Kwa barabara zetu unataka tairi ya milimita 28 au 32. Fremu inayokubali 23 peke yake itakugombanisha na kila shimo.

Mwisho wa hili, angalia valvu. Resi nyingi zina valvu nyembamba yenye kinati cha kufungua kichwani. Haiingii pampu ya kawaida bila kiunganishi kidogo cha shaba. Kinunue siku hiyo hiyo, ukiache kwenye mkoba.

Ukaguzi wa dakika 20

Nenda mchana, na mtu mmoja unayemwamini. Beba tepu ya kupimia ya chuma, kitambaa na simu yenye tochi. Usikubali kukagua baiskeli iliyoning'inizwa darini.

1. Fremu. Chuchumaa, washa tochi, tazama upande wa chini wa mabomba mawili yanayokutana na shingo ya usukani. Futa vumbi, kisha pitisha kidole polepole upana wa vidole 4 nyuma ya shingo. Rangi iliyojikunja, kivimbe kidogo, au ufa mwembamba wa mlalo ni dalili kwamba baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Hapo safari imekwisha, shukuru uondoke.

2. Foki. Itazame kwa ubavu. Bomba la shingo na mikono ya foki vishuke kwa mstari mmoja, kisha foki ipinde kidogo kwenda mbele. Ikionekana kurudi nyuma kuelekea pedeli, imepinda.

3. Magurudumu. Inua, zungusha, tazama rimu inavyopita kwenye raba ya breki. Kuyumba kwa milimita 2 au 3 fundi atanyoosha. Rimu inayoruka juu na chini imebonyea. Gusa spoku zote. Isiwepo iliyolegea kama uzi. Chagua gurudumu la spoku 32 au 36. Za 20 au 24 ni za wepesi wa mashindano, na ikikatika moja mbali na mji gurudumu linakataa kuzunguka.

4. Cheni. Anza kupima kwenye inchi 1 ya tepu, si kwenye ncha yake. Weka katikati ya pini moja hapo, hesabu pini 24 zinazofuata. Ya 24 iangukie inchi 13 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, cheni imechoka. Ikizidi kwa 1/8, tarajia kubadili na meno ya nyuma. Hizo ni hela za kumpunguzia muuzaji bei.

5. Krenki na gololi. Shika mikono yote miwili ya pedeli, itikise kulia na kushoto. Ikicheza, gololi au ekseli zimekwisha. Fanya hivyo pia kwenye magurudumu na shingo.

6. Siti na usukani. Legeza nati, jaribu kupandisha nguzo ya siti na ya usukani. Zikigoma kabisa zimegandana na fremu, na kuzitoa kunaweza kuharibu fremu yenyewe.

7. Gia. Pitisha zote. Vishikio vya gia vilivyo kwenye bomba la fremu vinaonekana vya kizamani, lakini ni rahisi na fundi yeyote atavirekebisha. Vile vilivyounganishwa na breki ni vizuri vikiwa vizima. Vya mtumba mara nyingi grisi imeganda ndani, vinabofyeka bila kushika. Kimoja kikifa, kipya kinaweza kukugharimu sehemu kubwa ya bei uliyonunulia baiskeli.

8. Breki, na mkono upi. Baiskeli za Uingereza na Japani huwa na breki ya mbele mkono wa kulia. Za Ulaya bara na Marekani huwa kushoto. Mtumba hutoka kote huko, kwa hiyo bonyeza moja moja uone kabla ya kupanda. Aliyezoea kulia ndiyo mbele akapanda ya kushoto, siku ya dharura hupaa juu ya usukani.

9. Iendeshe. Mita 200 za lami zinatosha. Ikivuta upande mmoja ukilegeza mikono kidogo, fremu au foki haijanyooka.

Vipi kuhusu kaboni? Ya mtumba, kwa mara ya kwanza, iache. Chuma hupinda na aluminiamu huonyesha ufa, lakini kaboni inaweza kuwa imevunjika ndani huku rangi inang'aa.

Maneno ya muuzaji, na jibu lako

- *"Ina gia 21, hiyo yako ina 10."* Wingi si ubora. Kinachokusaidia kupanda mlima ni gia nyepesi. Hesabu meno ya gia kubwa ya nyuma. 28 au zaidi yanafaa.
- *"Imechomelewa kidogo tu, ni imara kuliko mwanzo."* Mabomba ya resi ni membamba. Kiraka cha kuchomelea hupasuka pembeni yake.
- *"Hii mpya kabisa, ina springi na breki za sahani."* Resi ya kweli haina springi. Baiskeli mpya ya bei ya chini yenye mapambo mengi mara nyingi ni nzito, na vifaa vyake havifungiki sawasawa.
- *"Kuna mteja anakuja saa 10."* Mwache aje.

Lipa kwa karatasi

Chini ya krenki fremu huwa na namba iliyogongwa. Isome, ipige picha, iandike kwenye risiti. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikishianeni: majina, namba ya fremu, bei, tarehe, sahihi na shahidi mmoja. Namba ikiwa imekwanguliwa, usinunue. Baiskeli ya wizi ikitambuliwa barabarani, wewe ndiye utakayekutwa nayo, na kusema "niliuziwa" hakutakutosha.

Kutoka kwa muuzaji, pita kwa fundi

Usianze safari siku hiyo hiyo. Mpe fundi orodha hii:

- tairi na tyubu mpya kama za zamani zina nyufa;
- nyaya za breki na gia, pamoja na mipira yake;
- raba 4 za breki;
- kufungua, kusafisha na kutia grisi shingo, krenki na magurudumu;
- kunyoosha magurudumu.

Kaa umtazame. Fundi mzuri hupindua baiskeli, huzungusha gurudumu na kusogeza kipande cha chaki taratibu mpaka kiguse rimu. Chaki ikiacha alama upande wa kulia, anakaza spoku za kushoto robo mzunguko, analegeza za kulia kidogo, anazungusha tena. Anayezungusha spana mzunguko mzima kwa kishindo anaharibu. Msimamishe kwa adabu: "Fundi, taratibu hapo, tafadhali."

Mambo 4 ya kumkataza:

1. Kutoboa rimu ili iingie valvu nene. Rimu nyembamba hudhoofika palepale.
2. Kupaka oili chafu ya gari kwenye cheni. Inabeba mchanga, mchanga unakula meno.
3. Kutia oili popote karibu na rimu. Huko ndiko breki inashika.
4. Kukaza kwa nguvu zote nati za usukani na siti, hasa kwenye aluminiamu.

Baada ya hapo, kazi yako ya kila wiki ni ndogo: futa cheni kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la oili nyepesi kwa kila pini, zungusha, kisha futa tena mpaka nje iwe kavu.

Mkao

Weka siti kwa kipimo ulichokokotoa, kisha kihakikishe. Kaa, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukianza kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, goti litabaki na mkunjo kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

- Goti likiuma mbele, siti iko chini. Likiuma nyuma, iko juu. Badilisha milimita 5 tu kwa mara moja.
- Siti iwe tambarare. Ikielekea chini, uzito wote unaangukia viganjani.
- Mikono ikae juu ya vishikio vya breki, viwiko vimekunjwa kidogo. Sehemu ya chini ya usukani ni ya mteremko na upepo mkali.

Viatu vya kung'ang'ania pedeli viache mpaka uwe na miezi kadhaa ya kuendesha. Pedeli za kawaida zinatosha kabisa.

Upepo wa tairi

Tairi nyembamba hupoteza upepo haraka, kwa hiyo pima angalau mara moja kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 70, anzia hapa:

- tairi ya 25: PSI 80 hadi 90;
- tairi ya 28: PSI 65 hadi 80;
- tairi ya 32: PSI 50 hadi 65.

Mzito aongeze kidogo, mwepesi apunguze. Usizidishe kiwango kilichoandikwa kwenye tairi. Upepo mdogo mno ndio unaoleta pancha ya matundu mawili yanayotazamana: rimu imebana tyubu kwenye ukingo wa shimo.

Wiki 4 za mwanzo

- Wiki ya 1: uwanja au mtaa mtulivu. Jizoeze kuanza, kusimama, kutazama nyuma bila kuyumba, kuachia mkono mmoja. Bonyeza breki zote mbili, makalio yakisogea nyuma.
- Wiki ya 2: safari 3 za nusu saa kwenye lami.
- Wiki ya 3: ongeza moja iwe ya saa nzima.
- Wiki ya 4: nenda saa moja na nusu, ukiwa na mwenzako.

Usisukume gia nzito kwa kudhani ndiyo mazoezi. Hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15. Likipanda mara 19 hadi 22, uko sawa. Chini ya 15, weka gia nyepesi, magoti yatakushukuru.

Wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Oktoba, ukitoka Dar kuelekea Bagamoyo upepo unakusukuma, nawe unajiona bingwa. Kurudi ni kilio. Anza upepo ukiwa usoni, urudi ukiwa mgongoni. Kaskazi ikiingia, Desemba hadi Machi, geuza ratiba.

Barabarani

Toka saa 12 asubuhi, rudi kabla ya saa 2. Jumapili ndiyo siku ya mgeni, na Barabara ya Barack Obama hadi Daraja la Tanzanite ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukishazoea, vuka Daraja la Nyerere uende Kigamboni.

- Kaa kushoto, lakini si ukingoni kabisa. Acha kama mita moja kutoka mwisho wa lami ili uwe na pa kukwepea.
- Ukitoka nje ya lami, usirudi kwa kupanda ukingo kimshazari. Tairi nyembamba huteleza kando yake na kukuangusha upande wa magari. Simama, inua, panda upya.
- Daladala iliyosimama inaweza kuondoka bila ishara, au abiria akashuka ghafla. Punguza mwendo kabla ya kuipita.
- Bodaboda huja kwako upande usio wake. Usishindane naye njia, mpishe.
- Njia ya mwendokasi si ya baiskeli, hata ikiwa tupu.
- Matuta: inua makalio, legeza viwiko, magoti yabebe mshtuko. Mashimo: tazama pa kupita, macho yako yakiganda kwenye shimo utaingia humo.
- Kona: pedeli ya nje iwe chini, breki umeshamaliza kabla ya kuingia.
- Mvua ikianza, mistari iliyopakwa rangi na vifuniko vya mifereji vinateleza. Vivuke ukiwa wima.

Helmeti nunua mpya, au usiyoitilia shaka historia yake. Iliyowahi kugonga haifai tena hata kama haina ufa. Ikae vidole 2 juu ya nyusi, na kamba ya kidevuni iruhusu vidole 2. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ziwake alfajiri na magharibi. Giza letu huingia haraka.

Pancha: jifunze nyumbani

Usingoje ikukute barabarani. Fanya zoezi hili sebuleni mara mbili:

1. Toa gurudumu, maliza upepo, sukuma kingo za tairi ziingie katikati ya rimu pande zote.
2. Anzia mbali na valvu, toa ukingo mmoja wa tairi kwa vifaa maalumu vya plastiki. Bisibisi hukata tyubu.
3. Vuta tyubu, itie upepo, tafuta tundu. Linganisha mahali pake na tairi.
4. Pitisha vidole ndani ya tairi kwa uangalifu. Miiba hubaki, na vijiwaya vya tairi za malori ni vidogo kuliko sindano. Usipovitoa, tyubu mpya itatoboka kilomita moja mbele.
5. Tia tyubu upepo kidogo, iweke, rudisha tairi kwa mikono, malizia kwenye valvu.
6. Kagua pande zote tyubu isibanwe, ndipo ujaze.

Kiraka kipige nyumbani: msasa, solusheni, subiri ikauke mpaka isinate kidoleni, bandika, kandamiza. Wengi hubandika ikiwa mbichi, kisha wanalaumu kiraka.

Maji na chakula

Joto la pwani linakausha kabla hujahisi kiu. Beba nusu lita hadi robo tatu kwa kila saa, na unywe funda chache kila baada ya dakika 10 hadi 15. Ukizidisha saa moja na nusu, kula kitu: ndizi, tende au kashata. Kichwa kikianza kuuma, ukaona baridi juani au ukaacha kutoka jasho, shuka, tafuta kivuli, piga simu. Hakuna mazoezi hapo tena.

Maswali yanayobaki

*Siti inaniua. Ninunue ya sponji nene?* Hapana. Sponji nene hubana zaidi baada ya nusu saa. Hakikisha kwanza urefu na usawa, vaa kaptura ya baiskeli bila nguo ya ndani, ujipe wiki 3. Maumivu ya mifupa ya kukalia hupungua. Ganzi au vidonda havizoeleki, badilisha siti.

*Dada anaweza kuendesha resi na baibui?* Nguo pana huingia kwenye cheni na spoku, na hiyo ni hatari ya kweli. Suruali pana iliyobanwa kifundoni na kanzu fupi hadi magotini hukidhi stara na usalama pamoja. Akina dada wengi hukaa vizuri zaidi kwenye siti pana kidogo upande wa nyuma. Kwa kelele za vijiweni, siku za mwanzo nendeni wawili au watatu.

*Naweza kwenda nayo kazini?* Unaweza, kama kuna pa kuifungia unapopaona. Pitisha kufuli kwenye fremu na gurudumu la nyuma, si gurudumu la mbele peke yake. Usiku ilale ndani.

*Na nikiacha baada ya miezi mitatu?* Hapo ndipo uchaguzi wako unapolipa. Resi ya chuma iliyonyooka, ya namba 622, yenye karatasi na namba ya fremu, ina mnunuzi. Aliye nyuma yako ana laki zake 5 na maswali haya haya. Baiskeli ambayo fundi wa mtaani anaiweza na duka la mtaani lina tairi zake huuzika, na ile uliyoipenda kwa rangi itakukaa uani.